Msonge Una Umri Gani?

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania, ya mwaka 1964, inataja mwaka ambao jengo linahesabika kuwa la kale: 1863. Lililojengwa kabla ya hapo linalindwa. Lililojengwa baadaye linasubiri kutangazwa na waziri. Milango ya mbao yenye nakshi imepewa nafuu kidogo, inatosha iwe imechongwa kabla ya 1940. Ukiisoma sheria hiyo ukiwa Bagamoyo au Kilwa huoni tatizo. Isome ukiwa Kamachumu na swali litakuja lenyewe: nyumba ambayo majani yake hubadilishwa kila baada ya miaka michache, na fito zake hubadilishwa mojamoja kadiri zinavyooza, ina umri gani?

Nauliza kwa sababu mwaka huu, katika darasa letu la uzamili, kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua jengo moja bora la kwao na kulitetea. Mwenzangu mmoja alileta Soko la Kariakoo la Beda Amuli. Mwingine alileta nyumba ya ghorofa ya Mji Mkongwe. Mimi, mtu wa Kamachumu, nilileta msonge. Swali la kwanza lilikuwa: msonge upi? La pili: nani aliubuni? La tatu: mwaka gani? Ni maswali ya haki, na karibu kila fomu ya tuzo ya ubunifu majengo ina nafasi za kuyajibu. Lakini msonge haujibu hata moja. Nimekuwa nikijiuliza tangu siku ile kama kasoro iko kwenye msonge au kwenye fomu.

Kwa asiyeujua, msonge wa Wahaya, omushonge kwa lugha ya nyumbani, ni nyumba ya duara ambayo paa na ukuta ni kitu kimoja. Majani huanzia kileleni na kushuka mpaka karibu na ardhi, kama kofia kubwa iliyowekwa chini. Ndani kuna nguzo, na juu ya nguzo kuna pete za fito na matete zilizofungwa kwa kamba: pete ndogo juu, kubwa chini. Hakuna msumari. Kuna mlango mmoja, meko na sehemu za kulala, na zamani ng'ombe nao walilala humo humo.

Nyumba hii inaijua mvua. Bukoba hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na sisi wa juu kwenye uwanda wa Kamachumu tunaongezewa ukungu. Paa la msonge lina mwinuko mkali. Tone likianguka hufuata unyasi mmoja mpaka unaofuata, likiteremka kwa nje, na tabaka la ndani hubaki kavu. Moshi wa meko hupanda, hukausha majani na kufukuza wadudu. Ndiyo maana msonge usiokaliwa huoza haraka: jiko ni sehemu ya paa. Ingia katika darasa lolote la bati lisilo na dari mvua inaponyesha, utamkuta mwalimu amenyamaza akisubiri, kwa kuwa hata akipaza sauti hasikiki. Ndani ya msonge mvua unaisikia kama habari ya kijiji cha pili.

Majani hayo yalikuwa na kwao. Ardhi ya Wahaya ina sehemu mbili kubwa. Kuna kibanja, shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba, na kuna rweya, uwanda wa nyasi ulio nje ya vibanja. Rweya ilitoa nyasi za kuezekea, za kutandika sakafuni na za kufunika udongo kwenye migomba. Kibanja kilitoa kamba na chakula cha waliokuja kusaidia. Ili msonge usimame ilibidi pawe na nyasi, majirani wa kuzikata na kuzibeba, na fundi anayejua kufunga. Ubora wake ninauona hapo. Nyumba yenyewe ilikuwa ushahidi kwamba mambo hayo matatu bado yapo.

Sasa tuwatazame waamuzi wetu, maana tunao hata kama hatuwaiti hivyo.

Wa kwanza ni sheria niliyoanza nayo, inayopima umri kwa mawe na mbao zilizobaki. Wa pili ni dodoso. Takwimu za kaya nchini huuliza paa limeezekwa kwa nini. Bati huingia kwenye hesabu ya paa la kisasa, nyasi hubaki nje. Mtakwimu hana ubaya; bati kweli huonyesha kipato. Lakini kipimo cha umaskini kimegeuka polepole kuwa kipimo cha akili. Kampeni za nyumba bora za miaka ya 1970 zilikwisha kuwafundisha wazazi wetu kwamba nyumba bora ina pembe nne, tofali na bati, na mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hawezi kuutazama msonge bila kuona aibu kidogo.

Mwamuzi wa tatu ni mpole zaidi. Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, tangu miaka ya 1960, kimesimamisha nyumba za makabila mbalimbali, na msonge wa Wahaya umo. Ni jambo jema. Watoto wengi wa Kihaya waliozaliwa mjini wameuona pale kwa mara ya kwanza. Lakini hakuna familia inayopika humo asubuhi na jioni, na kando ya Barabara ya Bagamoyo hakuna rweya. Tunaonyeshwa umbo, na umbo ndilo sehemu rahisi kuliko zote.

Mwamuzi wa nne ni biashara. Siku hizi kibanda cha duara chenye majani juu ni alama ya utamaduni kwenye hoteli na sehemu za nyama choma. Mara nyingi ukuta ni wa tofali zilizopigwa plasta, na ukitazama vizuri chini ya majani unakuta bati. Majani ni ya macho, bati ni la mvua. Sioni tusi kubwa zaidi kwa mwezekaji kuliko kumwajiri kupamba na kumwajiri mwingine kuzuia maji.

Hata hivyo sipendekezi turudi kulala na ng'ombe. Bibi yangu alizaliwa ndani ya msonge na hakuwahi kusema kwamba anautamani. Moshi uliokausha majani ulikausha pia macho na vifua vya wanawake waliopika chini yake. Cheche moja iliweza kuimaliza nyumba kabla majirani hawajafika. Na bati lina jambo ambalo majani hayana: linakinga maji. Kwetu nyumba ziko juu na chemchemi ziko bondeni. Mfereji wa bati unaojaza pipa au tangi unamwondolea msichana safari ya kupanda mlima na ndoo kichwani. Mtu anayeusifu msonge bila kutaja nani alibeba maji na nani alibeba nyasi anasifu picha.

Lakini kama msonge unahukumiwa, tofali nazo zihukumiwe. Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera. Watu wasiopungua 17 walikufa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Shule kongwe za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kulazimu majengo yajengwe upya. Ukuta wa tofali una nguvu unapobanwa kutoka juu. Ukisukumwa kwa ubavu, bila nondo wala mkanda wa zege wa kuushika, unapasuka na kumwangukia mwenyewe. Nyumba nyingi zetu zilijengwa hivyo, tofali nzito juu ya tofali, kila moja ikitegemea uzito wake. Msonge ni mwepesi na kila kipande chake kimefungwa kwa mwenzake, kwa hiyo ukitikiswa unapinda.

Sisemi kwamba majani ni dawa ya tetemeko. Ninachosema ni kwamba siku tuliyobadilisha vifaa tuliacha na elimu ya kufunga, na hatukulazimika kuiacha. Mkanda wa zege unaozunguka nyumba juu ya madirisha ni pete ya msonge kwa vifaa vingine. Fundi wa tofali angeambiwa hivyo, kwa lugha anayoijua, huenda angeelewa upesi kuliko kwa mchoro.

Jirani zetu wa Uganda wamewahi kulijibu swali langu la umri mbele ya dunia. Makaburi ya Kasubi, walikozikwa makabaka wanne wa Buganda, ni nyumba kubwa ya majani ya ukoo mmoja wa ujenzi na msonge wetu. Juu ndani yake kuna pete 52, moja kwa kila ukoo wa Buganda, na kazi ya kuezeka ni ya watu wa ukoo wa Ngeye. Iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001. Tarehe 16 Machi 2010 iliungua. Ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, ikajengwa upya, na mwaka 2023 ikatolewa kwenye orodha hiyo. Majani ni mapya, fito ni mpya, na bado ni Kasubi, kwa sababu waliojua kuifanya walikuwepo kuifanya tena. Umri wa nyumba ya namna hii uko mikononi mwa watu.

Kasubi ina Kabaka nyuma yake, mtu atasema. Ni kweli. Msonge wa mtu wa kawaida hauna ikulu ya kuulilia. Lakini hata kwetu Kagera wazee wa Katuruka, kule Maruku, walianzisha wenyewe kazi ya kurudisha nyumba na maeneo ya kumbukumbu ya Mkama Rugomora Mahe. Hawakusubiri barua kutoka mjini.

Na kuna tuzo ambazo fomu zake zimeandikwa kwa busara zaidi. Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977, hailipokei jengo mpaka liwe limetumika angalau mwaka mzima. Hutuma mtu kwenda kulikagua kwa macho, na heshima yake inaweza kugawiwa kwa mafundi na kwa wenye jengo, pamoja na mbunifu. Mwaka 2004 iliipa tuzo shule ya msingi ya kijiji cha Gando, Burkina Faso, ya Diébédo Francis Kéré, ambaye mwaka 2022 alipata Pritzker. Shule ile ni ya udongo, wanakijiji waliijenga wenyewe, na paa lake ni la bati, limeinuliwa juu ya dari ya tofali ili hewa ipite katikati. Bati lile lile tunalolilaumu! Tofauti ni kwamba mtu alikaa akafikiri joto linatoka wapi, na nani atalitengeneza jengo yeye akiondoka.

Kwa hiyo kama ningekuwa mwamuzi wa Kamachumu ningekuja na maswali manne. Likiharibika, nani atalitengeneza, na anakaa umbali gani? Vifaa vyake vitapatikana hapa baada ya miaka ishirini? Mvua ikinyesha, watu waliomo wanasikilizana? Nani alibeba mizigo, na alipata nini?

Pita nayo barabara ya Muhutwe hadi Muleba uone. Jumba la msimu wa Krismasi, lenye bati za msauzi na dari ya jipsamu, lililofungwa kufuli karibu mwaka mzima, linaanguka mapema. Nyumba za tofali za enzi za fedha ya kahawa, fupi, zenye baraza pana mbele ambapo watu bado wanakaa kuanika buni na kupokea wageni, zinafika mbali kuliko tunavyozipa sifa. Ukiziwekea mkanda wa zege zinafika mbali zaidi. Jengo la hoteli lenye majani juu ya bati linashindwa bila kuulizwa swali la pili.

Na msonge? Leo unashindwa swali la pili pia. Sehemu kubwa ya rweya imepandwa misonobari na mikaratusi. Siwezi kumlaumu aliyeipanda: mti uliouzwa hulipa ada ya shule, na nyasi hazijawahi kulipa ada ya mtoto. Lakini lazima tukiri maana yake. Tunaweza kuandika vitabu kuhusu msonge, kuupiga picha na kuusimamisha kwenye maonyesho, huku tunaung'oa kwenye mizizi.

Tuzo ya kwanza ya usanifu Kamachumu, basi, nisingeipa jengo. Ningeipa kijiji kitakachotenga kipande cha rweya kibaki nyasi, na kumlipa mwezekaji mzee awafundishe vijana wawili au watatu kufunga pete. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa halmashauri ya kijiji na mkutano wa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Hakuna haja ya kusubiri waziri, wala 1863. Vijana hao huenda wasijenge msonge hata mmoja wa kulala mtu. Watajenga darasa lisilopiga kelele, au watafunga nondo wakijua kwa nini wanafunga. Tusipofanya hivyo, fundi wa mwisho atabaki anajua kuezeka na hana cha kuezekea.