Basi la Eastleigh na Sala ya Alfajiri

Kila Ramadhani ikaribiapo kwisha, jamaa wengi wa Mombasa, mume na mkewe na watoto, hupanda basi la usiku kwenda Eastleigh, Nairobi, kununua nguo za Idi. Hushinda madukani, na usiku wa pili wakarejea. Hatusemi ni haramu. Biashara ni halali, na tangu Garissa Lodge ilipogeuzwa maduka katika miaka ya 1990, Eastleigh imesifika kwa bei nafuu. Lakini natuipime safari hii kwa mizani ya dini.

Sharia imemrahisishia msafiri. Hukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Hula mchana, kisha akalipa. Ama Alfajiri haikusanywi na sala yoyote. Wakati wake huingia basi li njiani, na jua huchomoza abiria wamelala. Nani amemwomba dereva asimame dakika kumi? Mbona kwa chai husimama?

Tena, Lailatul-Qadri hutafutwa katika kumi la mwisho, khasa mikesha ya witiri. Usiku wa kwenda na wa kurudi hufuatana. Basi mmoja wao hauna budi kuwa witiri.

Dawa ni nyepesi. Nendeni Shaabani. Na kabla ya kulipa nauli, patananeni na wenye basi kuhusu Alfajiri. Nanyi akina baba, asiyetoa fedha za nguo ila kumi la mwisho ndiye aliyewapandisha watu wake basi hilo.

Wabillahi tawfiq.