Zakaria Naye Asikilizwe

Hivi karibuni tumeirudia Rosa Mistika, riwaya ya marehemu Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971. Mara ya kwanza tuliisoma bwenini, nakala haina jalada, inapita mkono kwa mkono kwa kuwa tulisikia iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Tulichokuwa tunakitafuta humo mnakijua. Zakaria, baba yake Rosa, tulimruka. Mlevi, mpiga watoto, basi. Safari hii ndiye aliyetukesha.

Sisi tulilelewa na Shaaban Robert. Katika Adili na Nduguze (1952) huhitaji kufika ukurasa wa pili kujua nani ni nani: mwema anaitwa Adili, ndugu zake ni Hasidi na Mwivu. Kazi imekwisha kwenye majina. Na tusidhani hakuna maovu mle. Ndugu wanataka kumwua ndugu yao. Ila maovu yamepangiwa wenyewe, na msomaji analala usingizi wake. Hata Adili anapowachapa ndugu zake waliogeuzwa manyani, usiku hata usiku, huku akilia, anafanya hivyo kwa amri ya jini.

Zakaria hana jini wa kumsingizia. Anaikuta barua ya Charles kwa Rosa, naye anampiga binti yake kipigo ambacho hakisahauliki hadi mwisho wa kitabu. Ni mtu wa pombe, mzigo wa nyumba amemwachia mkewe Regina, hana haki ya kumfundisha mtu yeyote adabu. Hata hivyo anapiga kwa sababu anaogopa. Anaijua dunia inayomsubiri msichana yule, na katika hilo hakukosea. Kosa lake ni kwamba hofu yake ndiyo inayomsukuma Rosa huko huko anakokuogopa: binti anakua akiwaona wanaume kama simba, hajui kuzungumza nao wala kuwakatalia, na anapofika chuo cha ualimu hana kinga yoyote. Mwisho wake, anajiua.

Katika kazi yetu ya uhandisi, nguzo ikivunjika hatuulizi ni mbaya au nzuri. Tunauliza ilibebeshwa nini, na lini ufa ulianza. Kezilahabi anauliza hivyo hivyo. Ndiyo maana, kwa maoni yetu, kitabu kiliwaudhi wakubwa. Dhambi zilikuwemo vitabuni tangu zamani. Hiki kilikataa kumkabidhi msomaji mtu mmoja wa kumtupia mawe.

Kasoro zipo. Wanaume wanaompitia Rosa baadaye wengi ni vivuli tu, hawana hofu wala aibu ya kwao, na vifo vinafuatana haraka mno mpaka machozi yanakauka. Laiti wangepewa robo ya utu aliopewa Zakaria.

Lakini tuseme ukweli kwa nini tulikesha. Sisi tumelea mabinti huku ugenini, na mwaka mmoja tuliikuta barua ndani ya mkoba wa shule. Hatukuinua mkono. Tulipaza sauti tu, kwa Kiswahili, lugha ambayo mtoto yule tangu siku hiyo amekuwa akitujibu kwa Kiingereza. Miaka yote tumejiambia kwamba tulikuwa tunamlinda. Tulikuwa tunamlinda kweli, na pia tulikuwa tunaogopa watu wa msikitini watasema nini, na mambo hayo mawili hatujaweza kuyatenganisha mpaka leo.

Wenzetu wengine hapa wanasema riwaya za namna hii zinawazoesha vijana kuhurumia uovu. Sisi hatukumhurumia Zakaria. Tulimtambua, na ingekuwa nafuu kama tungeweza kumchukia kama tulivyofanya bwenini. Nakala yetu binti yule amekuja kuiazima mwezi uliopita, na alipofika mlangoni akauliza, kwa Kiswahili, kama baba wa humo ni mtu mbaya. Tulimwambia asome kwanza.