Kaseti Haikustahili Kutupwa

Taarabu ya Tanga ilipohamishwa kutoka kwenye kaseti kwenda kwenye CD za kuchoma, kazi ya kunasa sauti mara nyingi ilifanywa vizuri. Kosa lilikuja baadaye: nakala ilipokamilika, kaseti ikatupwa. Uamuzi huo, uliorudiwa studioni na majumbani mwambao mzima, haukuwa na hoja thabiti ya kiufundi. Aliyetupa aliamini kwamba cha dijitali hakiozi, na CD ya kuchoma huoza. Albamu ya Nyota ya Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu vya Tanga, iliyotoka London mwaka 1989, kwenye CD ni vishimo vilivyoshindiliwa kiwandani. CD ya kuchoma hutunza data katika utando wa rangi iliyounguzwa kwa leza, na rangi hiyo huharibiwa na jua, joto na unyevu, ambavyo Tanga haijawahi kuvikosa. Juu yake kuna metali, kisha vanishi nyembamba tu. Ndiyo maana nasema kwamba kubandika stika hapo ni uharibifu. Kibaya zaidi, kaseti hutoa onyo: mvumo unapanda, sauti nyembamba zinafifia, lakini mwimbaji kama Shakila bado anasikika. CD husahihisha makosa yake kimyakimya hadi yaizidi nguvu, kisha mashine haiitambui kabisa.

Watetezi wa CD husema kaseti nayo hushika ukungu, na deki nzima ni adimu. Ni kweli. Lakini ukungu husafishika, na utepe wa poliesta uliowekwa pakavu hudumu miongo. Uhaba wa mashine unaikabili CD vilevile: kompyuta nyingi za mkononi za leo hazina pa kuiingizia. Na waliobana kila kitu kuwa MP3 ili nyimbo mia zienee diski moja walitupa sehemu ya sauti ambayo kaseti pekee ingeirudisha.

Katika kutunza chanzo, Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliwashinda wote hao kwa kalamu. Mashairi ya Muyaka, mshairi wa Mombasa, aliyoyakusanya pamoja na mmisionari William Taylor yalichapishwa na mhariri Hichens mwaka 1940, na bado hati za Taylor zikabaki London, katika chuo cha SOAS. Anayeshuku neno katika chapa ana pa kurudi. Aliyebaki na CD iliyokufa hana.

Kaseti zilizosalia Pangani, Muheza na Tanga mjini zinaswe kwa WAV ya biti 24, nakala ziwekwe kwenye diski ngumu mbili katika nyumba mbili, na diski zikaguliwe kila mwaka. Kaseti yenyewe ivunjwe kile kichupo cha kuzuia kurekodi, irudi kwenye sanduku kavu.