Namna ya Kuipima Albamu ya Kwanza ya Bendi ya Roki

Ukitaka kujua bendi ya roki imetengenezwa na nini, weka kando vibao vyake vya baadaye, usikilize albamu ya kwanza. Mimi hupimia zote kwa Black Sabbath, albamu ya kwanza ya bendi yenye jina hilohilo, iliyotoka Uingereza tarehe 13 Februari 1970. Vijana wanne wa Birmingham waliirekodi London kwa siku moja tu, Oktoba 1969. Hawakuwa na muda wa kuunganisha vipande: walipiga kama walivyokuwa wakipiga kilabuni, huku Ozzy Osbourne akiimba papo hapo.

Ndiyo maana la kwanza kuchunguza ni kama wanasikilizana. Usianze na gitaa, mfuate mpiga dramu. Bill Ward alilelewa na jazi, na inasikika: hatwangi mdundo mmoja mwanzo mwisho, bali humwacha mpiga gitaa Tony Iommi amalize kauli yake ndipo amjibu. Katika "The Wizard", Ozzy anapopuliza kinanda cha mdomo, Ward hujaza kila mwanya bila kumkanyaga mtu. Kisha hamia kwenye besi. Geezer Butler anaufungua wimbo "N.I.B." peke yake, na gitaa likiingia, wawili hao wanashika nota zilezile kwa pamoja. Uzito wa bendi hii unatoka hapo. Wengi waliowaiga walipandisha sauti tu, wakabaki na kelele.

Kipimo kigumu zaidi ni ukimya. Wimbo wenye jina la bendi, baada ya mvua na kengele, unasimama juu ya nota tatu: ya chini, ile ile juu yake, na ya tatu inayogombana nazo. Iommi anaiachia hiyo ya tatu itetemeke hadi inakaribia kufa. Mpigaji asiyejiamini angeujaza uwazi ule kwa vidole vyepesi. Lakini Iommi alikwisha kukatwa ncha za vidole viwili na mashine kiwandani. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki na kufunga nyuzi laini. Sikiliza anavyochagua nota chache na kuzikamua zote. Huo ni ufundi, wala si wa kuuonea huruma.

Dosari nazo zipime kwa haki. "Warning", wimbo wa kuazima, unapita dakika kumi na solo yake inatangatanga, lakini mimi siuruki kamwe: unawasikia wakitafuta njia mbele yako. "Evil Woman", wa kuazima pia, ungeweza kupigwa na bendi yoyote ya mwaka ule. Toleo la Marekani liliuondoa likaweka "Wicked World". Ukilikuta hilo, lichukue, kwa sababu mwanzoni mwa wimbo huo Ward anapiga jazi waziwazi, na Iommi anamfuata.