Homura Alipovua Miwani

Mwanafunzi mgeni anaingia darasani. Nywele zake nyeusi zimeshuka mgongoni, uso hauna tabasamu, na macho yanamwendea mtu mmoja tu, Madoka Kaname, yakaganda hapo. Hesabu anazimaliza ubaoni bila kusita, uwanjani anawapita wote, na wenzake wakimzunguka kwa maswali anawajibu kwa ufupi, akitafuta njia ya kuondoka. Huyo ni Homura Akemi. Katika sehemu tisa za mwanzo za Puella Magi Madoka Magica, mtazamaji hapewi sababu kubwa ya kumpenda.

Katuni hiyo ya Kijapani ina sehemu 12. Iliongozwa na Akiyuki Shinbo katika studio ya Shaft, ikarushwa kati ya Januari na Aprili 2011. Nyuso za wasichana wake, zilizobuniwa na Ume Aoki, ni za mviringo na za upole, hata mtu angedhani ni kipindi cha watoto wadogo. Sicho. Kiumbe mweupe aitwaye Kyubey humtimizia msichana ombi moja, lolote lile, na msichana hulipa kwa kupigana na wachawi. Asichokisema Kyubey ni kwamba roho hutolewa mwilini ikafungiwa ndani ya kito, na kito kikijaa giza la kukata tamaa, msichana mwenyewe hugeuka mchawi.

Gen Urobuchi ndiye aliyeandika sehemu zote 12, na ustadi wake mkubwa nauona katika ile ya 10. Hapo tunarudishwa nyuma, na tunamkuta Homura tusiyemjua: ametoka hospitali akiugua moyo, nywele kazisuka mikia miwili, miwani usoni, sauti inatetemeka. Hesabu zinamshinda. Mazoezi kidogo tu, kizunguzungu. Madoka ndiye anayemfanya ajione ana thamani, na Madoka ndiye anayekufa akiulinda mji. Homura anaomba wakutane upya, safari hii yeye awe mlinzi. Anapewa uwezo wa kuurudisha muda nyuma, takriban mwezi mmoja.

Anaurudia mwezi huo tena na tena. Kwanza anajifunza kupigana kwa kulipiga pipa na fimbo ya gofu, halafu anatengeneza mabomu nyumbani, halafu anaiba bunduki. Anawaambia wenzake ukweli kuhusu Kyubey, hawamwamini. Katika mzunguko wa tatu, yeye na Madoka wamelala katikati ya magofu, vito vyao vikikaribia kuwa vyeusi, na Madoka anatoa kitu pekee kilichobaki cha kusafishia kito, akakitumia kwa cha Homura. Kisha anamwomba mambo mawili: arudi amzuie asidanganywe, na hapo hapo amuue kabla hajawa mchawi. Homura, ambaye siku zote amemwita kwa jina la ukoo kama adabu ya kwao inavyotaka, sasa anamwita Madoka. Madoka anafurahi kuitwa hivyo. Risasi inafuata.

Mzunguko unaokuja, anayaponya macho yake kwa nguvu zake. Miwani inavuliwa, mikia inafumuliwa, na tunamwona yule mgeni baridi akizaliwa.

Shuleni tulifundishwa kuwatenga wahusika bapa na wahusika duara, tukazoea kwamba duara ni yule anayebadilika tukimwona. Kwa sehemu tisa Homura anaonekana bapa. Kumbe duara lake lilikuwa limeshachorwa lote kabla hadithi haijaanza. Uamuzi huo wa mpangilio ndio unaonifanya nimsifu mwandishi kuliko pambano lolote lililomo. Tunalazimika kumrudia tangu sehemu ya kwanza, na kila neno lake kali linageuka kuwa ombi. Chiwa Saito aliyempa sauti anabeba nusu ya kazi hiyo: sauti yake yenye kigugumizi na ile ya chuma ni za mtu mmoja, na sikio linaamini. Hata wimbo wa ufunguzi umehamishiwa mwishoni mwa sehemu hii, nasi tunausikia kwa mara ya kwanza kama wimbo wa Homura.

Kubadilika huku hakumfikishi pema. Kadiri anavyokuwa hodari, ndivyo anavyozidi kuwa mgeni kwa Madoka, ambaye kila mwezi huanza bila kumbukumbu. Sehemu ya 11 inaongeza uchungu: mizunguko yake yote imefunga nyuzi za majaaliwa ya dunia nyingi kwa Madoka, na hicho ndicho kinachomfanya Kyubey amtamani kuliko wasichana wote.

Sayaka Miki, rafiki wa Madoka, naye anaporomoka kwa hatua zinazoonekana wazi, tangu alipoomba mkono wa mpiga fidla apone huku akiificha hata nafsi yake kwamba alitaka kupendwa.

Wapo wanaomwona Madoka dhaifu, kwa kuwa sehemu 11 anatazama tu na kulia. Mimi naona anajifunza. Amemwona Mami Tomoe, msichana mwingine anayepigana na wachawi, akifa, Sayaka akigeuka mchawi, na mwishoni amelijua alilolifanya Homura. Ombi lake la sehemu ya 12, kuwafuta wachawi wote kabla hawajazaliwa, wa kale na wa baadaye, lisingeweza kutoka kinywani mwake siku ya kwanza. Homura alipigana miezi yote ile ili Madoka asiukubali mkataba wa Kyubey. Madoka anaukubali, na katika hadithi nzima ni yeye wa kwanza kuukubali akijua yote yaliyofichwa ndani yake.