Kikwembe kifuani: namna wanaume wa Masisi na Walikale wanavyopanga rangi kazini

Anayetoka Goma asubuhi kwenda kazini Masisi-centre ana safari ya kilomita 80 hivi, na barabara humvisha rangi kabla hajafika. Mpaka Sake ni vumbi jeusi la mawe ya volkano. Akianza kupanda milima vumbi linageuka kahawia, na mvua ikinyesha kahawia hiyo inampanda mpaka gotini, hata akikaa nyuma ya pikipiki. Upande wa Walikale shida ni nyingine. Kule ni msitu, joto na unyevu, na shati la bluu ya anga lililopigwa pasi vizuri saa moja asubuhi linakuwa na madoa ya jasho mgongoni kabla ya saa nne. Ndiyo maana ushauri wa magazeti ya mitindo, kwamba mwanamume wa ofisini aanze kwa soksi za mistari au suruali ya rangi ya embe, huku hausaidii kitu. Soksi imo ndani ya buti la mpira, na nani ataiona?

Hata hivyo wanaume wanaopendeza makazini huko wapo, tena wengi: walimu wakuu, wauguzi wa vituo vya afya, makarani wa wilaya, wafanyakazi wa mashirika. Ukiwatazama kwa makini, chini ya mkanda wametulia kabisa, suruali ya kahawia iliyoiva au bluu nzito, na rangi yote wameiweka mahali padogo, kuanzia kwenye kola hadi mfuko wa kifuani. Kwa maoni yangu mbinu hiyo imerithiwa, na wengi wanaoitumia hawajui ilikotoka. Imetoka kwenye vazi lililokusudiwa kumnyima mwanamume hiari ya kuchagua: abacost.

Rais Mobutu aliibadili Kongo jina ikawa Zaire mwaka 1971. Katika siasa ileile ya kurudi kwenye asili majina ya Kikristo yaliachwa, na suti yenye kravati ikapigwa marufuku. Mahali pake likaja koti jepesi la abacost, la mikono mirefu au mifupi, lililofungwa vifungo karibu na koo na kuvaliwa bila shati ndani. Kinaya chake hakijasahaulika: vazi hilo la uasilia lilishonwa kwa wakubwa na kampuni ya Arzoni ya Ubelgiji, na mafundi wa nyumbani wakabaki kunakili.

Sasa litazame koti hilo kama fundi anavyolitazama. Shati limeondoka, kravati imeondoka, na mwili mzima ni kitambaa kimoja, mara nyingi cheusi, kahawia au bluu. Rangi imebakiwa na madirisha mawili tu, shingo na mfuko wa juu. Hapo ndipo watu walipomalizia ubunifu wao wote. Skafu ya hariri ilikunjwa ikajazwa kooni, na kitambaa kilichofanana nayo kikachomoza mfukoni. Beji ya MPR, chama cha Mobutu, ilikamilisha upande wa kifua. Eneo lote lenye rangi halikuzidi viganja viwili, lakini mtu aliyekaa mbele ya meza yako hakuona kingine. Lilikuwa somo la ulazima, na lilidumu karibu miaka 20.

Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ileile iliyotangaza mwisho wa chama kimoja, Mobutu aliiruhusu kravati. Yeye mwenyewe aliendelea na abacost yake. Waliokuwa wakisubiri walikuwa na mwalimu mwingine tayari, kwani vijana wa Kinshasa na Brazzaville waitwao wasapeur walikuwa wameshaufanya uvaaji kuwa mashindano, na mwanamuziki Papa Wemba akaupandisha jukwaani akiwa na suti za wabunifu wa Ulaya na Japani. Mtu wa ofisini hahitaji suti ya kijani wala kiko mdomoni. Kitu cha kuchukua kwa wasapeur, hasa wale wa Brazzaville, ni kanuni yao ya hesabu: rangi mwilini zisizidi tatu.

Kanuni hiyo inagonga ukuta palepale mtu anapovaa kikwembe, yaani kitenge. Kitambaa kimoja cha kikwembe kina rangi tatu au nne ndani yake. Ukiongeza suruali ya rangi nyingine, mkanda na viatu, umefika sita au saba, na mbele ya watu unaonekana umetoka harusini hukurudi nyumbani kubadili. Wavaaji wazuri wanalimaliza tatizo hili kwa njia moja: suruali inaazima rangi kutoka ndani ya kitambaa, na siku zote ni ile iliyo nzito kuliko zote. Kikwembe cha bluu nzito chenye maua ya manjano na mistari myeupe kinakaa na suruali ya bluu nzito. Viatu vya kahawia ndiyo rangi pekee inayoongezwa. Macho yanakisoma kikwembe kama kitu kimoja, kwa kuwa mandhari yake inaendelea mpaka miguuni.

Bahati nzuri kitambaa chenyewe kimetengenezwa kwa namna inayorahisisha kazi hii. Katika wax, yaani kikwembe cha kweli, kama ya Vlisco, kiwanda kilichoanzishwa Helmond nchini Uholanzi mwaka 1846, utomvu huchapwa pande zote mbili za pamba, kisha kitambaa kinatumbukizwa kwenye nili. Palipofunikwa pananusurika, na utomvu unapopasuka nili inapenya kwenye nyufa na kuacha ile mishipa myembamba isiyofanana popote. Rangi nyingine huongezwa baadaye. Kwa sababu hiyo vitambaa vingi vya jadi vina nili katika msingi wake, na nili inakubaliana na suruali ya bluu nzito ambayo karibu kila karani anayo.

Utomvu huo wa pande mbili una maana nyingine, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotapeliwa. Kikwembe cha kuiga mara nyingi huchapwa upande mmoja. Kwa sketi au kanga ya kiunoni haidhuru sana, lakini shati la mwanamume huonyesha mgongo wa kitambaa mara kwa mara: kola ikilala, kifungo cha juu kikifunguliwa, na zaidi ya yote mikono ikikunjwa. Walikale mikono inakunjwa kila siku kwa sababu ya joto. Ukikunja mkono wa kikwembe cha kuiga unapata pete mbili za rangi iliyopauka juu ya viwiko, na uhafifu wa nguo nzima umejitangaza. Kwa hiyo sokoni usisome maandishi ya ukingoni peke yake, maana nayo yanaigwa. Geuza kitambaa. Kama mgongo ni hafifu kuliko uso na bado unakipenda, mwambie fundi akushonee mikono mifupi.

Kwa fundi kuna hesabu pia. Kipande cha yadi 6 ni kama mita 5 na nusu, na shati la mikono mirefu la mtu wa wastani linakula mita 2 na nusu. Kwa maua madogo unapata mashati mawili. Kwa maua makubwa, yale ya ukubwa wa sahani, hupati, kwa sababu fundi anayejiheshimu atapoteza kitambaa ili ua lililokatwa na mstari wa vifungo liungane tena likifungwa. Mfuko wa kifuani ni mtihani wa pili. Ukikatwa popote, unakaa kama kiraka. Ukikatwa kwa kufuata mchoro ulio chini yake, unapotea machoni, na kifua kinabaki na picha moja. Mtihani huo unaonekana kwa umbali wa hatua tatu, kwa hiyo hakikisha unauangalia kabla ya kulipa salio. Kwa ofisi nashauri maua yasiyozidi ukubwa wa kiganja. Makubwa yanakaa vizuri kwenye gauni, mahali yanapopata nafasi ya kupumua.

Wapo wasiotaka kikwembe mwili mzima, na kwao mbinu ya abacost inarudi waziwazi. Shati ni la rangi moja, jeupe au kijivu. Kikwembe kinatiwa ndani ya kola, kwenye ukanda wa vifungo na kwenye pindo la mikono. Kifungo cha juu kikifungwa shati ni la mkutano na mkuu wa wilaya, na kikifunguliwa rangi inachungulia. Mabaki ya kikwembe cha mke yanatosha kabisa. Mke na mume kuvaa sare ni jambo zuri la kanisani, ila kazini mabaki hayo yana heshima zaidi kuliko sare yenyewe.

Milima ya Masisi ina baridi, na asubuhi huwezi kukaa ofisini na shati peke yake. Hapa sweta isiyo na mikono inafanya kazi kubwa kuliko koti. Inafunika shati lote, na shingo yake ya V inaacha pembetatu ndogo kooni, yaani dirisha lilelile. Rangi ya damu ya mzee na rangi ya haradali zinapatikana kwenye mitumba, na zote mbili zinaipokea kahawia ya barabarani bila aibu. Koti la sufu ulitundike nyuma ya kiti. Walikale sweta haina kazi, na shati linavaliwa nje ya suruali. Lakini linalovaliwa nje lina kata yake: pindo la chini limenyooka, lina mpasuko mdogo kila ubavu, na linafika katikati ya mifuko ya nyuma ya suruali. Shati lenye mkia wa mviringo lilikatwa ili lichomekwe, na likiachwa nje mtu anaonekana ameamshwa ghafla.

Kuna rangi moja ya kukaa nayo mbali, na sababu yake si ya mtindo. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre Januari 2025, na Machi mwaka huohuo Walikale-centre, kabla ya kuondoka huko wiki chache baadaye. Mahali penye vizuizi na makundi yenye silaha, kijani cha kijeshi na kitambaa chochote chenye mabaka ya askari kinaweza kumfanya karani aulizwe maswali asiyo na majibu yake. Kijani ukikitaka, chukua cha chupa, kilicholala karibu na bluu. Vikwembe na fulana vya kampeni viache nyumbani vilevile, hata kama vilitolewa bure na pamba yake ni nzuri. Na jileti za mashirika, zenye nembo mbele na nyuma, zinafunika kifua chote. Anayelazimika kuivaa barabarani aivue akifika mezani, la sivyo kazi yote ya fundi imezikwa.

Utunzaji ni mfupi. Kikwembe kipya kifuliwe peke yake kwa maji baridi kabla hakijafika kwa fundi, kwani pamba hujikunja, na kianikwe kivulini. Pasi ya makaa ipite upande wa ndani. Suruali za mitumba zenye nailoni au poliesta ndizo zinazoteseka: pasi ikiwa kali zinapata mng'ao magotini na makalioni, na mng'ao huo hautoki tena. Weka kitambaa chenye unyevu katikati. Viatu vya ofisi visafiri kwenye mfuko, buti za mpira zifanye kazi ya njiani.

Kitu cha mwisho ambacho mafundi hukiharakisha ni vifungo. Mezani mwa fundi kuna boksi la vifungo vyeupe vya plastiki, na asipoambiwa atavishona hivyo hata juu ya nili. Safu ya nukta nyeupe inakatiza mchoro ulioungwa kwa taabu ile yote. Omba vya kahawia au bluu nzito. Akisema hana, ng'oa vya shati kuukuu la mitumba na umpelekee, na kimoja cha akiba akishone ndani ya pindo la chini, kwa sababu kikidondoka njiani kuelekea Walikale hutapata cha kufanana nacho.