Haji Gora Haji na Swali la Mshairi Aliyechelewa

Makala haya yanakusudia kulipima neno moja ambalo sisi wahakiki hulitumia kwa wepesi mno, nalo ni neno kuchelewa. Mara nyingi tunapoandika wasifu wa mshairi huanza na mwaka aliozaliwa, kisha tukaurukia mwaka wa kitabu chake cha kwanza, na miaka iliyopo katikati tukaihesabu kuwa ya kungojea. Kwa hesabu hiyo, Haji Gora Haji wa Tumbatu atakuwa miongoni mwa washairi waliochelewa kuliko wote katika fasihi ya Kiswahili ya karne ya 20. Alizaliwa mwaka wa 1933, na diwani yake ya kwanza, Kimbunga, ikatolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka wa 1994, yeye akiwa na umri wa miaka sitini na moja hivi. Shaaban Robert hakuufikia umri huo. Alifariki mwaka wa 1962 akiwa na miaka hamsini na mitatu, na kazi yake yote nyuma yake. Ahmad Nassir wa Mombasa, ambaye ni mdogo wa Haji Gora kwa miaka mitatu, alikuwa na diwani iliyochapishwa mwaka wa 1966, angali kijana wa miaka thelathini.

Hoja yetu ni kwamba hesabu hiyo hupima safari ya muswada kuelekea mtamboni, lakini haipimi umri wa utunzi. Hata hivyo hatutaki kuibatilisha moja kwa moja, kwani miaka ile mirefu ina maana yake katika tungo zenyewe, na mhakiki anayeipuuza hukosa jambo kubwa.

Tuanze na maisha. Tumbatu ni kisiwa kidogo kilichoko kaskazini-magharibi ya Unguja, chenye lahaja yake, Kitumbatu, na wenyeji wake wanasifika kwa uvuvi na ubaharia. Haji Gora alizaliwa huko, akaletwa mjini Unguja akiwa mtoto. Elimu aliyoipata ni ya chuoni, yaani ya Kurani. Baada ya hapo maisha yake yalikuwa ya kazi za mikono: alivua samaki, akasafiri baharini katika majahazi, akawa mchukuzi wa mizigo bandarini, ambako karafuu ndiyo iliyokuwa mali ya nchi. Alianza kutunga katika miaka ya 1950, na alichotunga kilikuwa nyimbo za ngoma. Baadaye zikaja tungo zilizoimbwa na vikundi vya taarab vya Unguja. Alipoingia katika uchapishaji hakuishia kwenye diwani moja. Alitunga utenzi wa visa vya Nabii Suleiman, akaandika hadithi ya nathari, Siri ya Ging'ingi, na akakusanya msamiati wa lahaja yake katika kamusi iliyotolewa na Baraza la Kiswahili la Zanzibar. Mwaka wa 2019 ikatoka diwani nyingine, Shuwari, naye akiwa mzee wa miaka themanini na sita. Aliaga dunia mwaka wa 2021.

Katika maelezo haya mafupi yamo tayari majibu ya nusu ya swali letu. Mtu aliyekuwa akitunga katika miaka ya 1950 hakuchelewa kutunga. Kilichochelewa ni kitabu, na katika mapokeo yetu kitabu huchelewa kwa desturi. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa karibu na mwaka wa 1840. Beti zake zilikaa vinywani mwa watu hadi William Taylor, kwa msaada mkubwa wa Mwalimu Sikujua, alipozikusanya mwishoni mwa karne ya 19, na diwani yake ikachapishwa Johannesburg mwaka wa 1940. Ni karne nzima kutoka kaburini hadi kitabuni, lakini hakuna aliyewahi kumwita Muyaka mshairi aliyechelewa. Kwa nini basi tutumie mizani mbili, moja ya marehemu wa zamani na nyingine ya watu wa zama zetu? Jibu ni kwamba tumezoea kumdai mtu wa karne ya 20 kitabu kama anavyodaiwa kitambulisho. Asiyekuwa nacho huwa kama hayupo.

Mtu aweza kutujibu kwamba wapo watunzi ambao kwa hakika umri ndio uliowafungua kinywa, na mfano bora ni Mwana Kupona. Utendi wake mashuhuri ulitungwa mwaka wa 1858, yeye akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake, na haukupita muda mrefu akafariki. Huo ni utunzi wa mwisho wa maisha kwa kila hali, na nguvu yake inatokana na mauti yaliyokaribia. Tunalikubali hilo. Lakini hali ya Haji Gora ni tofauti. Mwana Kupona alikuwa na jambo la kusema kabla hajaondoka. Haji Gora alikuwa na hazina iliyokwisha kusemwa mbele ya watu kwa miongo mingi, nayo ikawa inahamishwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine.

Uhamisho huo ndio unaohitaji kuchunguzwa. Utungo wa ngoma au wa taarab huishi chini ya sharti gumu. Hadhira haiwezi kurudi nyuma kuusoma tena mstari; lazima ishike maana ya juu papo hapo. Tena katika hadhira hiyo hiyo wamo watu wanaosubiri maana ya chini, wakitaka kujua nani anasemwa na kwa jambo gani. Kwa hiyo mtunzi hulazimika kutumia vitu vinavyojulikana na kila mtu, kama upepo, nyumba, chombo au mnyama, na kuvipanga kwa namna ambayo ukweli wao wa kawaida unapinduka. Hapo msikilizaji hushtuka, na mshtuko huo ndio mlango wa fumbo. Vitabuni tunaiita mbinu hii kinaya au taswira. Kwa mtunzi wa uwanjani ni sharti la kazi, kama kujua kamba ipi ya kuvuta tanga linapopiga.

Shairi lililoipa jina diwani ya 1994 ni ushahidi mzuri. Kisa chake ni cha kimbunga kilichoupiga mji wa Siyu. Majumba makubwa ya mawe yanaanguka na vibanda dhaifu vinasalimika. Mambo yasiyowezekana yanatendeka mfululizo, na mtunzi hatoi sababu hata moja. Maneno ni mepesi na picha zinashikika, ila mantiki ya dunia imegeuzwa juu chini. Msomaji wa haraka atataka kuuliza kimbunga hiki ni kipi. Akikumbuka kwamba mtunzi ni mtu wa Unguja, atakimbilia Mapinduzi ya mwaka wa 1964, wenye majumba walipoondolewa na watu wa vibanda wakabaki. Tafsiri hiyo haina kosa, lakini ni ndogo kuliko shairi. Mbona mji ni Siyu? Msomaji wa pwani ya Kenya hawezi kulisikia jina hilo kama jina tupu. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ni mji uliokuwa na wanavyuoni na mafundi, ni mji wa Bwana Mataka, mume wa huyo Mwana Kupona tuliyemtaja, na ndio uliowashinda askari wa Sayyid Said katika miaka ya 1840 kabla ya kutiishwa katika zama za Majid. Kulitaja jina lake kunaleta fikra ya mji uliokuwa na fahari ukapinduliwa na wakati. Basi kimbunga kinaweza kuwa mapinduzi, kinaweza kuwa mauti, kinaweza kuwa dunia yenyewe na desturi yake ya kuwaangusha waliojiona wameshika. Shairi linakubali maana zote hizi, na linakataa kufungwa na moja.

Hapa ndipo lilipo lawama letu kwetu sisi walimu. Kimbunga kimesomwa kwa miaka mingi katika Kidato cha Tano na cha Sita nchini Tanzania, na vitabu vya namna hiyo huzaa miongozo, na miongozo huzaa majibu. Mwanafunzi hufundishwa kuandika kwamba dhamira ya shairi ni kadha wa kadha, akapewa alama. Uwanjani, mtu aliyetangaza kwa sauti kuu kwamba fumbo hili limemlenga fulani angehesabiwa kuwa ameharibu mchezo, kwani fumbo lilimlinda mtunzi na likamwachia kila msikilizaji kazi yake. Darasani kutangaza huko ndiko kunakolipwa. Ikiwa utunzi huu ulichelewa kufika kitabuni, basi ulipofika haukupokelewa kwa adabu uliyokuja nayo.

Hatusemi kwamba kila utungo wa Haji Gora una uzito wa Kimbunga. Zipo tungo ambamo wasia hutangulia picha, na mtunzi akatuambia la kufanya kabla hatujaona la kuonwa. Katika hizo vina hutimia na shairi likabaki nyuma. Huenda baadhi yake zilikuwa na nguvu zilipoimbwa, kwa kuwa mahadhi hubeba kile ambacho mstari peke yake haukibebi. Lakini mhakiki wa maandishi huhukumu alichopewa, na kumtetea mshairi kwa sauti ambayo msomaji haisikii si uhakiki. Vilevile tujihadhari na sifa rahisi ya kumwita mvuvi aliyebarikiwa kipawa, kana kwamba mashairi yalinaswa pamoja na samaki. Sifa ya namna hiyo humnyima mtu ujuzi wake. Wavuvi wa Tumbatu ni wengi, na bahari iliwafunza wote. Waliotunga kwa kiwango hiki ni wachache.

Ubaharia hata hivyo una nafasi yake, nayo inaonekana vizuri katika jina la diwani ya 2019. Msomaji wa bara aonapo Kimbunga kwanza na Shuwari mwisho, hupata kisa kizuri kilichokwisha tungwa: mshairi alianza na dhoruba, akamalizia na utulivu wa uzee. Baharia wa jahazi halielewi neno hilo hivyo. Kwake shuwari ni bahari kutulia kwa sababu upepo umekufa. Tanga linalegea, chombo hakiendi mbele wala nyuma, na maji ya kunywa yanapungua. Mvuvi wa mtumbwi huenda akaifurahia shuwari hiyo hiyo. Haji Gora alizifanya kazi zote mbili, na neno moja linabeba raha ya mmoja na mashaka ya mwenzake. Anayelisoma kwa maana moja tu atakuwa amelisoma akiwa nchi kavu.

Tukirudi kwenye neno tulilolipima, tunaona kwamba linatuhusu sisi zaidi kuliko linavyomhusu mtunzi. Tangu miaka ya 1950 hadi 1994 ni takribani miongo minne, na katika muda huo wasomi wa Kiswahili walikuwa wakibishana vikali juu ya vina na mizani, mapokeo na ushairi huru, huku tungo za mtu huyu zikiimbwa mjini Unguja. Wapenzi wa taarab hulijua jina la mwimbaji na la kikundi. Jina la mtunzi aghalabu hulijua wachache. Yakini wapo wengine wa namna yake, Lamu na Vanga, Pemba na Mafia, ambao hawana diwani na pengine hawataipata. Idara zetu zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Wapelekwe wakayarekodi mashairi haya pamoja na tarehe za utunzi, mahadhi yake, na jina la aliyetunga, maadamu wenyewe wangali hai wa kuulizwa. Muyaka alimpata Mwalimu Sikujua baada ya nusu karne. Si kila malenga atampata wake.